Karatasi, sauti, kiganja au simu: mzee kiziwi asiyeona afikishiwe vipi habari za huduma zilizo karibu naye

Huduma inaweza kuwa nyumba ya tatu kutoka kwa mzee na bado asijue kuwa ipo. Kipeperushi hakioni, tangazo la redio halisikii, na namba ya simu iliyoandikwa chini haimsaidii, maana hata akipigiwa hatasikia anachoambiwa. Basi kituo cha mchana, kliniki ya macho, mtu wa kumsindikiza sokoni, vifaa vya kuazima, vyote vinabaki kuwa mali ya wanaoona na kusikia.

Ulinganisho huu ni wa yule anayebeba habari hizo: mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mhudumu wa kujitolea, mtoto au mjukuu wa mzee. Hakuna njia moja inayowafaa wote. Tunachosimamia ni hiki: kila habari ipite njia mbili. Moja iwe ya mazungumzo, ili mzee aweze kuuliza na kujibiwa papo hapo. Nyingine iwe ya kubaki, kitu anachoweza kukishika tena kesho mgeni akishaondoka. Ukimpa mazungumzo tu, baada ya siku tatu siku na saa zimeshamchanganya. Ukimpa karatasi tu, swali lake la kwanza halina wa kulijibu.

Kipi kilitangulia kupotea?

Ripoti ya mwaka 2018 ya Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona ilikadiria kuwa kati ya asilimia 0.2 na asilimia 2 ya watu wana upungufu wa kuona na kusikia kwa pamoja, na idadi hupanda kadiri umri unavyopanda. Walio katika giza na ukimya kamili ni wachache. Wengi wana mabaki: jicho moja linalotambua mwanga, sikio moja linaloshika sauti nzito. Njia unayochagua inategemea mabaki hayo, na inategemea zaidi lugha aliyokua nayo.

Kundi kubwa ni la waliopoteza vyote viwili uzeeni. Macho yameharibiwa na mtoto wa jicho, glakoma, kisukari au kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na masikio yamechoka kwa umri. Hawa wanajua kusema, na wengi wanajua kusoma. Tatizo ni kwamba hawajiiti viziwi wasioona. Mzee wa namna hii atakwambia masikio yamekuwa mazito kidogo na macho yana ukungu, basi. Ukiandika juu ya karatasi «Huduma kwa viziwi wasioona», atadhani ni ya watu wengine, na mwanawe atadhani hivyo hivyo. Anza na hali anayoitambua: je, unashindwa kumtambua mtu aliyesimama mlangoni, na ukiambiwa jina lake hulisikii vizuri?

Kundi la pili ni viziwi wa tangu utotoni ambao macho yalififia baadaye, mara nyingi kwa ugonjwa wa kurithi uitwao Usher. Lugha yao ya kwanza ni ya alama. Lugha iliyoandikwa kwa baadhi yao ni ya pili, na si nyepesi. La tatu ni wasioona wa miaka mingi ambao masikio yalifuata uzeeni. Hawa mara nyingi wanasoma nukta nundu, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, kuliko mtu yeyote ofisini kwako.

| Njia | Inamfaa zaidi | Inakwama wapi | Inabaki? |
|---|---|---|---|
| Maandishi makubwa | Anayeona kwa ukungu au asiyeona katikati | Anayeona kama kwa kupitia bomba | Ndiyo |
| Nukta nundu | Aliyeisoma tangu zamani | Vidole vyenye ganzi | Ndiyo |
| Sauti ya karibu | Mwenye mabaki ya usikivu | Kelele, namba, saa | Hapana |
| Herufi kiganjani | Aliyejua kusoma kabla ya kupoteza macho | Habari ndefu | Hapana |
| Alama za mguso | Kiziwi wa tangu utotoni | Mkalimani akikosekana | Hapana |
| Simu yenye kifaa cha nukta nundu | Msomaji wa nukta nundu aliyefundishwa | Matangazo ya picha | Ndiyo |

Maandishi makubwa

Ndiyo njia ya bei nafuu, na ndiyo inayokosewa kwa kujiamini. Watu husema «tumemkuzia maandishi» kana kwamba kila jicho linataka hivyo. Aliyeharibika katikati ya retina anahitaji herufi kubwa kweli, kwa sababu anasoma kwa pembeni ya jicho. Lakini mwenye Usher, au mwenye glakoma iliyokwenda mbali, anaona kitundu kidogo tu cha katikati. Herufi ikikuzwa sana haienei kwenye kitundu hicho; anaona nusu ya M na kubahatisha iliyobaki. Huyo anataka ukubwa wa wastani, wino mweusi sana na mwanga wa kutosha.

Usikisie. Chapa karatasi moja ya majaribio yenye sentensi ileile kwa pointi 14, 18, 24 na 36, umpe akiwa amekaa anapokaa kila siku, mwanga ukitokea nyuma ya bega lake. Anayoisoma bila kukunja uso ndiyo saizi yake. Iandike kwenye faili lake.

Ukurasa wa A4 wa pointi 12 hubeba takriban maneno 500. Ukipandisha hadi pointi 24, herufi inakua mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, kwa hiyo unabaki na robo: maneno kama 125. Ndiyo maana kijitabu cha huduma kumi na mbili hakikuziki, kinageuka furushi. Huduma moja, karatasi moja. Karatasi isiyong'aa, nzito kiasi cha kutoonyesha maandishi ya upande wa pili, herufi zisizo na vijimkia, mistari ianzie kushoto, pasiwe na picha nyuma ya maneno. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa tupu, maana umbo la neno linapotea. Kwa ujumbe wa haraka, kalamu nene nyeusi na herufi za sentimita 2 zinatosha kabisa.

Kata pembe ya juu kulia ya kila karatasi. Ataijua mbele na nyuma, juu na chini, kabla hata ya kuisogeza machoni.

Nukta nundu

Kwa aliyeisoma tangu ujana, hii inazipita zote: anaisoma mwenyewe, usiku wa manane akitaka, bila kumwita mtu. Ukurasa mkubwa wa kawaida hubeba mistari 25 yenye nafasi 40 kila mmoja, na ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huzaa takriban kurasa tatu za nukta nundu. Kwa hiyo fupisha kabla ya kuchapa.

Inakoharibika ni njiani. Karatasi inakunjwa kuingia kwenye bahasha, au inawekewa vitabu juu, na nukta zinalala. Ipeleke ikiwa imenyooka, na uandike kichwa cha habari kwa wino pia ili msaidizi anayeona ajue ni ya nini. Kosa jingine ni kuiamini kompyuta. Programu ya kugeuza maandishi inaweza kuvuruga alama za namba na herufi kubwa, na namba ya simu yenye tarakimu moja mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na namba. Msomaji mmoja wa nukta nundu aipitie kabla haijatoka.

Kama mzee ana kisukari cha miaka mingi, muulize kama bado anazihisi nukta. Neva za ncha za vidole zikiharibika, msomaji hodari wa jana anakuta karatasi tambarare, na wengine huona aibu kulisema hilo. Kumfundisha nukta nundu mtu wa miaka 75 kunawezekana, ila habari za kliniki ya wiki ijayo haziwezi kungoja ahitimu. Yapo pia maandishi ya William Moon ya mwaka 1845, yenye mistari iliyoinuka inayofanana na herufi za kawaida na hushikika upesi kwa waliopofuka ukubwani. Tatizo lake ni kwamba wanaoyachapa ni wachache.

Sauti ya karibu

Usikivu wa uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba: s, f, t, sh, th. Irabu zinabaki. Mzee anasikia kuwa mtu anasema, hasikii anachosema. Ukipaza sauti, unazikuza irabu na kuzifunika konsonanti, na kama amevaa kifaa cha kusikia unamuumiza. Kaa ndani ya mita moja, upande wa sikio lililo bora, zima redio na feni, sema polepole kwa sauti nzito kidogo, sentensi moja moja.

Sasa sikiliza maneno haya kwa sikio lisilo na s wala t: *saa sita*, *saa tisa*. Irabu ni zilezile, konsonanti zimebadilishana nafasi tu. Yupo mzee atakayekaa barazani tangu adhuhuri akingoja gari la saa tisa, au atakayefika saa tisa kwenye kliniki iliyofungwa saa sita. Wazee wengi wanaijua *kenda*. Itumie badala ya tisa. Kisha mshike mkono umhesabie saa kwa vidole, na mwambie akurudishie mwenyewe. Asikujibu «nimesikia», akutajie siku na saa. Jibu la «ndiyo» la mtu asiyesikia vizuri mara nyingi ni adabu tu.

Kipaza sauti kidogo cha mkononi chenye vizibo vya masikio husaidia sana pale kifaa cha kusikia kinaposhindwa, kwa kuwa maikrofoni inakaa karibu na mdomo wako. Habari iliyorekodiwa nayo ina nafasi yake, ila iwe ya dakika 2, sauti moja, jambo moja, bila muziki chini yake.

Herufi kiganjani

Hii ndiyo tungeichagua kama ungetuambia tukuchagulie moja tu ya kujifunza leo. Haihitaji kifaa, inajifunzika kwa nusu saa, na mzee aliyewahi kusoma hahitaji kufundishwa kitu.

Mguse begani au mkononi, uache mkono wako hapo mpaka ageuke. Jitambulishe kwa alama yenu, kwa mfano umwekee kidole kwenye saa yako au pete yako. Kisha kaa ubavuni mwake. Ukikaa mbele yake, herufi zinamfikia kichwa chini miguu juu, na hapo ndipo wengi wanaojaribu mara ya kwanza wanakata tamaa bila kujua kwa nini. Lalisha kiganja chake juu ya mto au meza ili bega lisichoke. Andika kwa nyama ya kidole cha shahada, si ukucha, herufi kubwa zinazojaza kiganja, kila moja palepale ilipokuwa iliyotangulia. Tua kidogo kila neno linapoisha. Ukikosea, pangusa kiganja chote kwa mkono ulionyooka uanze neno upya. Mkubaliane kuwa akigonga mara moja ameelewa, akigonga mara mbili rudia.

U iwe ya duara na V iwe na ncha. Namba ndizo zenye mtego: 1 na I, 0 na O, 5 na S, 2 na Z hazitofautiani kiganjani. Gonga kifundo cha mkono kabla ya namba yoyote. Mwenye sugu kiganjani mwandikie kwenye upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko.

Kasi ndiyo inayoumiza, na Kiswahili chetu cha viambishi hakisaidii. Chukua tangazo hili: «Kituo cha mchana kitakuwa wazi Jumanne kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Usafiri utapatikana.» Ni herufi 88. Kwa sekunde moja kila herufi na mituo ya katikati, ni karibu dakika mbili za kushika mkono wa mtu na kumtaka akumbuke neno la kwanza. Liandike hivi: KITUO JUMANNE 3 ASUBUHI HADI 7 MCHANA. GARI LIPO. Herufi na tarakimu zote ni 39, na hakuna kilichopotea. «Utapatikana» peke yake ni herufi 11 za kusema «lipo».

Kwa mzee mtakayekaa naye miaka, zipo alfabeti za mkononi zenye kasi zaidi. Ile ya Hieronymus Lorm ya mwaka 1881, inayotumika sana Ujerumani, na ile ya Uingereza, zote huweka A, E, I, O, U kwenye ncha za vidole kuanzia gumba hadi kidogo. Ni mpangilio uleule tuliouimba darasa la kwanza, na kwa kuwa karibu nusu ya herufi za maneno yetu ni irabu, nusu ya kazi inakuwa kugusa ncha tu. Konsonanti ndizo za kukaa chini na kujifunza, nyote wawili.

Alama za mguso

Kwa kundi la pili hakuna mbadala wa kweli. Kiziwi aliyekua na lugha ya alama huweka mikono yake juu ya mikono ya mkalimani na kuzifuata alama zikiundwa. Aliyebaki na kitundu cha kuona anaweza bado kuziangalia, lakini mkalimani awe umbali wa mita 1 hadi 2, afanyie alama karibu na kifua bila kutawanya mikono, avae nguo isiyo na maua yenye rangi inayotofautiana na ngozi yake, na mwanga umpige yeye usoni, usitokee nyuma yake. Jioni, kitundu hicho mara nyingi hakifanyi kazi kabisa. Panga ziara asubuhi.

Mkalimani wa kawaida wa lugha ya alama hageuki kuwa wa mguso kwa kuitwa tu. Nyusi zinazouliza, kichwa kinachokataa, vyote hivyo havionekani tena na lazima vitafutiwe nafasi mikononi, la sivyo swali linapokewa kama taarifa. Kwa kikao kinachozidi saa moja tafuta wakalimani wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Kucha fupi, bila pete.

Ukishamaliza, acha kitu. Kipande cha mkanda wa gari kwa siku ya usafiri, kikombe kidogo kwa siku ya kituo, vikiwekwa kwenye kisanduku chenye vyumba 7 kimoja kwa kila siku, vinamkumbusha kuliko karatasi ya lugha ambayo si yake.

Simu

Kifaa cha nukta nundu cha kuunganisha na simu kina nukta zinazopanda na kushuka. Vya kawaida huonyesha herufi 14, 20 au 40 kwa mara moja. Simu janja nyingi za sasa zina kisoma skrini ndani yake, yaani programu inayosoma maneno yaliyo kwenye skrini, kinachozungumza na vifaa hivi. Kwa aliyefundishwa, ni njia ya pekee inayompa mazungumzo na kumbukumbu kwa pamoja, tena bila kumpitia mtu.

Kinachoivunja si teknolojia. Ni sisi tunaotuma tangazo likiwa picha. Kisoma skrini kinaweza kumwambia «picha» na kuishia hapo. Karatasi iliyopigwa skani bila kugeuzwa kuwa maandishi ni hadithi ileile. Andika maneno yenyewe, na herufi 20 za kwanza zibebe habari: «Kliniki Alhamisi» kwanza, salamu baadaye. Usimwingize kwenye kundi la ujumbe la watu mia mbili. Mtumie peke yake. Kama hajawahi kutumia simu janja, hesabu mafunzo kwa miezi, na wakati huo mwandikie kiganjani.

Kinachokaa kwenye kadi

Njia yoyote utakayochagua, kadi inayobaki ibebe mambo haya, na ikomee hapo:

KITUO CHA MCHANA
Jumanne na Alhamisi
Saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana
Gari linakuja nyumbani
Atakayekushika mkono ana bangili
Ukitaka kuuliza: mpe mgeni wa Jumatatu kadi hii
Imehakikiwa: Machi

Mstari wa tano na wa sita ndio vipeperushi vingi havina. Mzee asiyeona wala kusikia hapandi gari kwa sababu limefika. Anapanda kwa sababu mtu anayemjua kwa mguso amemshika. Na njia ya kuuliza isiwe simu ya kupiga peke yake. Mwezi wa kuhakiki nao ni lazima, kwa kuwa ratiba hubadilika na kadi ya zamani huendelea kuaminiwa hadi ikusanywe. Ukileta mpya, ondoka na ya zamani.

Usimpe binti yake tu ukadhani umemaliza. Familia nyingi humchujia mzee habari kwa nia njema: ya mbali wanaiona ni usumbufu, ya vifaa wanaiona ni gharama. Mpe binti nakala yake, na mzee umpe yake mkononi.

Habari isiyongoja

Kituo kimefungwa leo, au maji yanaingia nyumbani. Hapa nukta nundu na maandishi makubwa havina kazi. Ujumbe wa simu unaotetemesha kifaa mwilini ndio wa haraka kwa mwenye nacho. Kwa wengine wote ni mtu kwenda kwa miguu, na jina la mtu huyo lijulikane mapema.

Kwa hatari ya kweli, katika nchi nyingi ipo alama moja: X kubwa ichorwayo mgongoni kwa kidole. Maana yake ni hatari, twende sasa, nitakueleza baadaye. Ifundishe kwa mzee, kwa wa nyumbani, kwa dereva na kwa jirani wa kila upande, na ijaribuni mara kadhaa kwa mwaka mkitembea mpaka nje ya mlango. Isitumike kamwe kwa kumharakisha apande gari.